Kengele, Fimbo na Ubao: Jinsi Hofu Inavyofunzwa Darasani

Kila mwalimu aliyepata kufundisha Hisabati katika shule ya sekondari amekwisha kumwona mwanafunzi wa namna hii. Nje ya darasa ni mchangamfu. Hukokotoa chenji dukani bila kalamu wala karatasi, na katika mchezo wa bao huwashinda wakubwa zake. Lakini mwalimu aingiapo na bikari kubwa ya mbao mkononi, mwanafunzi huyo huyo huinamisha kichwa, viganja vyake hutoa jasho, na aitwapo ubaoni husahau hata lile aliloliandika daftarini dakika tano zilizopita. Aghalabu mwalimu husema kwamba kijana huyu ni mvivu, au kwamba hana kichwa cha hesabu. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba, kwa wanafunzi wengi wa aina hiyo, kauli zote mbili si sahihi. Mwanafunzi huyo amejifunza, tena amejifunza vizuri sana. Alichojifunza ni hofu.

Neno "amejifunza" halikutumiwa hapa kwa mzaha. Mtu hazaliwi akiogopa somo la Hisabati. Hofu hiyo huipata, na huipata kwa njia maalumu ambayo wataalamu wameichunguza kwa zaidi ya miaka mia moja. Njia hiyo tutaiita uzoeshaji wa kuhusisha, kwa sababu ndani yake kiumbe huzoea kuhusisha jambo moja na jingine, hata lile la kwanza likawa linaamsha mwilini yale yaliyokuwa yakiamshwa na la pili. Mwalimu asiyeijua njia hii hufundisha masomo mawili kwa wakati mmoja: lile lililomo katika muhtasari, na jingine ambalo hakulitayarishia andalio. Kwa bahati mbaya, hili la pili ndilo wanafunzi hulikumbuka kwa muda mrefu zaidi.

Mbwa wa Pavlov

Msingi wa elimu hii uliwekwa na Ivan Petrovich Pavlov (1849–1936), mtaalamu wa Urusi wa fiziolojia, yaani elimu ya kazi za mwili. Pavlov hakuanza kwa kutaka kujua habari za akili. Alikuwa akichunguza usagaji wa chakula, kazi iliyompatia Tuzo ya Nobel mwaka 1904. Katika maabara yake mjini St. Petersburg, mbwa walifanyiwa upasuaji mdogo ili mate yatoke nje kupitia tundu shavuni na kupimwa tone kwa tone. Kero ikazuka. Mbwa waliokwisha kuizoea maabara walitoa mate kabla chakula hakijafika kinywani: walitoa mate walipoliona bakuli, na hata waliposikia hatua za mtumishi aliyewalisha. Mtafiti mwingine angeiona hali hiyo kuwa kasoro ya kuondolewa ili vipimo viwe safi. Pavlov aliona kwamba ndani ya kasoro hiyo mlikuwa na jambo kubwa zaidi kuliko lile alilokuwa akilitafuta, akalishughulikia kwa muda wote uliobaki wa maisha yake.

Jaribio lenyewe ni rahisi kulieleza. Mbwa husikilizishwa mlio wa metronomu, yaani chombo kinachogonga kwa vipindi sawa kama saa. Mara ya kwanza mlio huo haumtoi mate. Labda atainua masikio tu. Kisha mlio unafuatwa mara moja na chakula, na zoezi hilo linarudiwa tena na tena. Hatimaye mlio peke yake, bila chakula, hutosha kumtoa mate. (Vitabu vingi vya shule husema kwamba Pavlov alitumia kengele. Kwa kweli alitumia vitu vingi: metronomu, taa, milio ya aina mbalimbali, hata mguso wa ngozi. Na hata muda wenyewe: mbwa aliyelishwa kila baada ya nusu saa alianza kutoa mate nusu saa ilipokaribia kutimia, bila dalili nyingine yoyote.)

Tunahitaji istilahi nne. Chakula ni kichocheo asilia, kwa kuwa humtoa mbwa mate bila kufundishwa. Na mate hayo ni mwitikio asilia. Mlio wa metronomu, ambao hapo awali haukuwa na maana, umekuwa kichocheo cha kuzoeshwa. Na mate yanayotoka kwa ajili ya mlio ni mwitikio wa kuzoeshwa. Msomaji azingatie kwamba hakuna mahali ambapo mbwa aliamua kutoa mate. Hapa ndipo uzoeshaji huu unapotofautiana na kujifunza kwa njia ya thawabu na adhabu, ambako kiumbe hufanya tendo fulani kwa hiari yake na kupata matokeo. Mate, mapigo ya moyo, jasho la viganja na kukauka kwa koo haviombi ruhusa ya mtu.

Mfano wa nyumbani haupo mbali. Katika shule zetu nyingi kengele ni rimu ya gari iliyotundikwa katika mwembe na kugongwa kwa kipande cha chuma. Rimu hiyo ikigongwa saa nne asubuhi, wakati wa uji, nusu ya shule hujaa mate kinywani. Ikigongwa baada ya nusu saa kuwarudisha darasani kwa somo wanaloliogopa, matumbo yale yale husokota. Chuma ni kimoja na sauti ni moja. Mwili umejifunza saa.

Mtoto wa Baltimore

Je, hisia nazo huzoeshwa kama mate? Mwaka 1920 John B. Watson na Rosalie Rayner, wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins mjini Baltimore, Marekani, walichapisha ripoti ya jaribio ambalo leo hakuna kamati ya utafiti ingeliruhusu. Walimchukua mtoto mchanga waliyemwita Albert. Alipokuwa na umri wa miezi tisa hivi walimwonyesha panya mweupe, sungura, mbwa, pamba na vinyago. Hakuogopa hata kimoja. Kitu kilichomliza kilikuwa sauti kali ya nyundo ikigonga nondo ya chuma nyuma ya kichwa chake. Alipofikisha miezi kumi na moja wakaanza kazi: kila alipomgusa panya, nondo iligongwa. Baada ya mara saba tu, katika siku mbili zilizopishana kwa wiki moja, mtoto alimwona panya peke yake akalia na kutambaa kwa haraka kumkimbia.

Siku tano baadaye walimpima tena. Hofu ilikuwa imeenea. Albert sasa alimwogopa sungura, akamwogopa mbwa, akaliogopa koti la manyoya, na hata pamba aliishuku. Hakuna lolote kati ya hayo lililowahi kuandamana na sauti ya nondo wakati hofu ilipokuwa ikijengwa. Jambo hili wataalamu huliita ueneaji: mwitikio uliofungamanishwa na kichocheo kimoja huhamia kwenye vichocheo vinavyofanana nacho. Wakati wa masomo yangu ng'ambo tulionyeshwa filamu fupi ya jaribio hilo, isiyo na sauti, na nakumbuka kwamba hakuna aliyecheka. Watson na Rayner hawakumwondolea mtoto huyo hofu waliyompandikizia. Aliondoka hospitalini kabla ya hilo kufanyika.

Ni haki kusema kwamba jaribio la mtoto mmoja, tena lililofanywa kwa taratibu zenye dosari, haliwezi kubeba nadharia nzima. Halibebi. Uzoeshaji wa hofu umethibitishwa baadaye katika maabara nyingi, kwa wanyama na kwa watu wazima waliokubali kwa hiari yao kupewa mshtuko hafifu. Leo inajulikana pia kwamba sehemu ndogo ya ubongo iitwayo amigdala, yenye umbo la kokwa ya lozi, ndiyo inayoshiriki sana katika kufunga uhusiano kati ya dalili na hatari, na kuuamrisha mwili ujitayarishe kabla mtu hajapata nafasi ya kufikiri.

Kutoka panya mweupe hadi ubao mweusi

Sasa tuingie darasani. Kichocheo asilia cha hofu ni kipi? Fimbo ni cha kwanza kutajwa, na maumivu yake hayahitaji maelezo. Lakini kwa kijana wa miaka kumi na minne kipo kingine chenye nguvu isiyopungua ya fimbo, nacho ni aibu mbele ya wenzake: kuzomewa, kuchekwa, kuitwa jina la mnyama, kusimamishwa kwa mguu mmoja huku wasichana au wavulana wakitazama. Vitu visivyo na hatia vinavyoandamana na maumivu hayo ni vingi: ubao, harufu ya chaki, sauti ya viatu vya mwalimu koridoni, jalada la kitabu, jina la somo, na hata herufi x. Kila kimoja chaweza kugeuka kuwa metronomu.

Na kwa njia ya ueneaji, hofu iliyozaliwa katika kipindi kimoja huvuka mipaka yake. Mwanafunzi aliyeaibishwa katika hesabu za sehemu huanza kuiogopa aljebra, kisha Fizikia kwa kuwa ina kanuni zenye herufi, kisha Kemia zinapofika hesabu za moli. Tunapowauliza vijana kwa nini wameukimbia mchepuo wa sayansi, wengi hujibu kwamba "ni mgumu". Mimi huwa nauliza swali la pili: uligundua lini kuwa ni mgumu? Mara nyingi jibu huwa siku moja, na mtu mmoja.

Kuna somo jingine linalostahili kutajwa hapa, nalo ni Kiingereza. Nchini Tanzania mtoto aliyesoma shule ya msingi ya Serikali kwa Kiswahili huingia Kidato cha Kwanza na kukuta masomo karibu yote yakifundishwa kwa Kiingereza. Anapoinua mkono kujibu swali la Biolojia anaweka hatarini mambo mawili kwa pamoja, Biolojia yake na sarufi yake. Akikosea kiambishi cha wakati darasa huangua kicheko. Mara tatu au nne za namna hiyo zinatosha. Baada ya hapo kitendo chenyewe cha kuinua mkono hutosha kuupandisha moyo mapigo, na mwalimu huandika katika ripoti: "Mkimya. Hashiriki."

Fimbo isiyo na taarifa

Watu wengi walioisoma habari ya Pavlov hudhani kwamba kinachojenga uzoeshaji ni kukutana tu kwa vitu viwili mara kwa mara. Utafiti wa miaka ya 1960 ulionyesha kwamba mambo si mepesi hivyo, na kwa maoni yangu sehemu hii ndiyo yenye faida kubwa zaidi kwa mwalimu, ingawa ndiyo isiyofundishwa sana.

Mwaka 1968 Robert Rescorla, mtaalamu wa Marekani, alilinganisha makundi ya panya wa maabara. Kundi la kwanza lilipata mshtuko wa umeme wakati mlio fulani uliposikika, na wakati mwingine wote likaachwa kwa amani. Kundi la pili lilipata mishtuko kwa kiwango kile kile wakati wa mlio, lakini pia lilipata mishtuko kwa kiwango hicho hicho wakati hapakuwa na mlio. Kama hofu ingekuwa ni hesabu tu ya mara ngapi mlio na mshtuko vimekutana, makundi yote mawili yangeuogopa mlio sawasawa. Haikuwa hivyo. Kundi la kwanza liliuogopa sana. La pili halikuuogopa. Maana yake ni kwamba mnyama haweki kumbukumbu za mikutano pekee. Hutafuta habari: dalili gani inanipasha kwamba hatari inakuja? Kwa kundi la pili mlio haukuwa na habari yoyote.

Basi hofu ya kundi la pili ilikwenda wapi? Haikupotea. Rescorla na mwenzake Allan Wagner walieleza mwaka 1972 kwamba katika hali kama hiyo mazingira yenyewe, yaani kizimba na vyote vilivyomo, ndiyo huwa dalili ya hatari. Martin Seligman naye alikuwa ameonyesha mwaka 1968 tofauti ya aina hii kwa panya waliofunzwa kubonyeza kitufe ili wapate chakula. Wale ambao mshtuko wao ulitanguliwa na dalili ya kuaminika walijifunza kuacha kubonyeza wakati wa dalili tu. Dalili ikikoma walirudi kula. Wale ambao mshtuko wao haukuwa na dalili ya kuaminika waliacha kubonyeza kabisa. Hawakuwa na wakati ambao wangeweza kujua kwamba wako salama. Na mwaka 1970 Jay Weiss alionyesha kwamba, kwa mishtuko iliyo sawa, panya wasiopewa taarifa hupata vidonda vya tumbo zaidi ya wale wanaopewa.

Mwanadamu si panya, na darasa si kizimba. Hata hivyo kila aliyesoma shule atalitambua jambo hili. Wapo walimu wakali ambao wanafunzi wao wa zamani huwakumbuka kwa upendo. Ukichunguza utaona kwamba ukali wao ulikuwa na ratiba. Ilijulikana kosa gani lina adhabu gani, na aliyefanya kazi yake aliketi kwa amani hadi kipindi kiishe. Na wapo walimu ambao hawakuwa wakali kila siku, lakini leo walitania na kesho waliwaka moto kwa kosa lile lile. Walimchapa aliyekosa jibu, wakamchapa na aliyelipata kwa kuwa "amejidai". Katika darasa la mwalimu wa aina hii hakuna dalili ya hatari, na kwa hiyo hakuna dalili ya usalama. Mwanafunzi hujifunza kuogopa vitu vyote: chumba, somo, mwalimu, siku ya Jumanne. Simsifu mwalimu wa kwanza kwa fimbo yake. Ninasema tu kwamba madhara ya fimbo hayapimwi kwa idadi ya viboko.

Sheria zetu huhesabu viboko. Kanuni za Tanzania za mwaka 2002 zilimpa mamlaka ya kuchapa mkuu wa shule, au mwalimu aliyemteua kwa maandishi. Ziliagiza viboko visizidi vinne kwa mara moja, na adhabu iandikwe katika kitabu. Kenya iliondoa kabisa viboko katika shule zake mwaka 2001. Mjadala wa viboko hurudi kila mara, na kila mara husimama mzee mmoja na kusema: "Sisi tulichapwa na tukasoma." Ushahidi huo una kasoro kubwa ya kitakwimu. Wanaoutoa ni wale waliobaki shuleni hadi mwisho. Waliokimbilia mashambani na baharini katika darasa la tano kwa sababu ya fimbo hiyo hiyo hawakualikwa katika mkutano.

Hofu na hesabu ya kichwani

Pengine mwalimu atauliza: hata kama hofu ipo, itazuiaje akili kufanya kazi? Si ajabu hofu ikamfanya mwanafunzi awe makini zaidi?

Hofu kidogo huweza kumwamsha mtu mvivu kitandani. Lakini hebu tufikiri tunavyozidisha 37 kwa 6 bila karatasi. Saba mara sita ni 42. Tunaandika 2 akilini na kushika 4. Tatu mara sita ni 18, tunaongeza zile 4 tulizoshika tunapata 22. Jibu ni 222. Wakati wote huo ilibidi tuzishike 2 na 4 zisituponyoke huku tukifanya kazi nyingine. Sehemu ya akili inayoshika mambo kwa muda huku ikiyafanyia kazi huitwa kumbukumbu tendaji, na nafasi yake ni finyu mno. Mtu mwenye hofu hutumia sehemu ya nafasi hiyo kujisimulia habari za hofu yake: "Nitakosea. Wananitazama. Ataniuliza mimi." Mwaka 2001 watafiti wa Marekani Mark Ashcraft na Elizabeth Kirk walionyesha jambo hili kwa wanafunzi wa chuo. Walipewa hesabu za kujumlisha huku wakitakiwa kukumbuka herufi walizotajiwa. Katika hesabu zenye kubeba, makosa ya wale wanaoiogopa Hisabati yaliongezeka kuliko ya wenzao. Hesabu nyepesi hazikuleta tofauti kubwa.

Kwa hiyo mwanafunzi aliyesimama ubaoni akiwa na jasho viganjani anafanya hesabu akiwa na nusu ya akili yake. Akikosa anachekwa, akichekwa hofu inaongezeka, na kesho nafasi ya kumbukumbu tendaji itakuwa finyu zaidi. Kwa miaka mingi watahiniwa walio wengi wameshindwa Hisabati katika mtihani wetu wa Kidato cha Nne. Sisemi kwamba hofu ndiyo sababu pekee. Uhaba wa walimu, ukosefu wa vitabu na madarasa yenye wanafunzi themanini ni sababu zinazoonekana kwa macho. Lakini sababu hizo zinahitaji fedha, na hii tunayoizungumzia inahitaji maarifa tu.

Hofu huondokaje?

Pavlov aligundua kwamba metronomu ikigonga mara nyingi bila chakula kufuata, mate hupungua hata yakakoma. Huku ndiko kufifia. Lakini alimrudisha mbwa maabarani baada ya mapumziko, akagonga metronomu, na mate yakatoka tena. Uhusiano wa zamani haukuwa umefutwa kama maandishi ya ubaoni. Ulikuwa umefunikwa na funzo jipya. Kwa sababu hii mwalimu mpya asishangae wala asikasirike anapokuta kwamba upole wake wa muhula mzima umefutika wakati wa likizo, na mwanafunzi amerudi Januari akiwa na woga ule ule. Aanze upya, mara hii utafifia haraka zaidi.

Kufifia kuna sharti moja: mwanafunzi akutane na dalili na aone kwamba hatari haikuja. Hapa ndipo utoro unapofanya kazi yake ya hila. Anayetoroka kipindi cha Hisabati hupata nafuu papo hapo, na nafuu hiyo humfundisha kutoroka tena. Kwa kuwa hayumo darasani, hapati hata mara moja kuona kwamba mwalimu wa sasa si yule wa zamani. Kadhalika anayeketi nyuma kabisa na kunakili kazi ya jirani. Wanafunzi wanaosoma makala haya na kujitambua humu wafahamu kwamba hofu yao haitaisha kwa kungoja.

Njia iliyo bora kuliko kufifisha tu ni kuifungamanisha dalili ya zamani na jambo jema. Mary Cover Jones alieleza mwaka 1924 habari za mtoto aliyeitwa Peter, wa karibu miaka mitatu, aliyemwogopa sungura. Kwanza alichanganywa na watoto wenziwe wasiomwogopa sungura huyo, na woga ukapungua. Kisha akaugua, akalazwa hospitalini. Alipokuwa akitoka mbwa mkubwa aliwarukia yeye na muuguzi wake, na hofu yote ikarudi. Ndipo Jones alipoanza kumpa chakula anachokipenda huku sungura akiwa ndani ya kizimba, mbali, upande wa pili wa chumba. Kila siku kizimba kilisogezwa kidogo, kwa kadiri mtoto alivyoweza kuvumilia bila kuacha kula. Mwishowe Peter alimwacha sungura atafunetafune vidole vyake.

Jones alitoa tahadhari ambayo walimu wengi wenye nia njema huisahau: kazi hii yataka uangalifu, kwa maana sungura akisogezwa haraka mno, hofu yaweza kukishinda chakula na mtoto akaanza kukichukia chakula. Mwalimu anayempeleka mwanafunzi mwoga ubaoni siku ya kwanza "ili azoee" amekitupa kizimba cha sungura mapajani mwake. Afadhali aanze mbali: hesabu ifanywe kwanza na wawili wawili kwenye madawati, jibu lisomwe kwa niaba ya kikundi, kisha mwanafunzi aandike ubaoni jibu ambalo mwalimu amekwisha kulipitia daftarini na anajua ni sahihi, na baadaye sana ndipo akokotoe mbele ya wote jambo asilolijua. Na kosa litakapotokea, kwa kuwa litatokea, kicheko cha darasa kizuiwe kwa jicho la mwalimu kabla hakijaanza. Hilo moja lina thamani kuliko sifa ishirini na pipi.

Jaribio la ndimu

Wanafunzi wa Biolojia wanaweza kuuona uzoeshaji wa kuhusisha ndani ya miili yao wenyewe kwa kipindi kimoja. Zinahitajika ndimu chache zilizokatwa vipande, kimoja kwa kila mwanafunzi wala kisishirikiwe, pamoja na daftari. Mwenye vidonda mdomoni au tumboni asishiriki, na katika mwezi wa Ramadhani jaribio lingoje hadi mfungo uishe.

Mwalimu achague neno lisilohusiana na chakula, mathalani "dirisha", na jingine la kulinganishia, mathalani "kamba". Kwanza ayatamke yote mawili, na kila mwanafunzi akadirie mate yake kwa alama kutoka 0 hadi 5. Kisha asome polepole orodha ndefu ya maneno ambayo ndani yake "dirisha" limerudiwa mara ishirini na "kamba" mara ishirini. Wasikiapo "dirisha" walambe ndimu mara moja. Kwa maneno mengine wasilambe. Baadaye waziweke ndimu chini, mwalimu atamke "dirisha" na "kamba" kwa zamu, na alama ziandikwe tena.

Mkondo wa pili wa darasa hilo hilo ufanye zoezi kwa orodha ile ile na idadi ile ile ya kulamba, lakini kulamba kusifuate neno lolote maalumu: mara kufuate "dirisha", mara "kamba", mara neno jingine, kama mwalimu atakavyoashiria. Alama za mikondo miwili zilinganishwe kwa wastani, na darasa lijadili swali moja gumu: je, mate yaliletwa na neno lenyewe, au mwanafunzi alipolisikia aliifikiria ndimu, na ni mawazo hayo yaliyoleta mate? Jaribio gani jingine lingeweza kuvitenganisha viwili hivyo?

Mwisho, mwalimu alitamke "dirisha" mara kumi na tano bila ndimu, mpaka alama zishuke. Siku ya pili, katikati ya somo jingine na bila taarifa, alitamke mara moja tu, na kila mwanafunzi aandike alama yake kabla ya kumtazama jirani.